Njia ya Vugha na Mahali Pasipokatwa Mti

Ndugu Mhariri ameniandikia mara tatu akitaka makala ya historia kwa ajili ya gazeti hili la mkutano wetu, na mara ya tatu akaongeza sharti: isiwe taarifa ya ofisini. Nalipokea sharti hilo kwa shukrani, maana sisi tuliokaa Serikalini miaka ishirini tumezoea kuandika "tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu" hata tunapowaandikia wake zetu. Basi nimechagua kueleza habari za njia ya kupanda Vugha, mji wa kale wa wafalme wa Usambara, pamoja na habari za mahali fulani kando ya mito ambapo watu wa kwetu hawakati mti. Wengine watasema hayo ni mambo mawili. Mimi naona ni moja, na nitajaribu kulionyesha.

Nianze na panapojulikana na kila mmoja wetu. Sidhani kama yuko mwanafunzi aliyepita shuleni kwetu bila kufikishwa kwenye Mapango ya Amboni, kilometa 8 hivi kaskazini ya mji, kando ya Mto Mkulumuzi. Sisi tulikwenda kwa lori, tumesimama wima kama mkonge shambani. Vijana wa siku hizi nasikia hukodiwa basi. Kule ndani mwongoza wageni huonyesha mawe yenye sura za wanyama, husimulia habari za Osale Otango aliyejificha humo miaka ya 1950 huku askari wa Mwingereza wakimsaka, kisha huapa kwamba pango moja linatokea Mombasa na jingine Kilimanjaro. Hayo ya Mombasa yaacheni. Wapimaji wa Kijerumani na Kituruki walioyapima mwaka 1994 walikuta mapango 10 yaliyo mbalimbali, na refu kupita yote ni kama mita 900 tu.

Lakini kimo chumba kimoja ambamo mwongoza wageni hupunguza sauti. Hicho ni chumba cha mzimu. Utakuta vitambaa vyekundu, vyeupe na vyeusi, chupa za marashi, masalio ya ubani, na sarafu zilizokwisha badilika rangi. Watu hufika hapo kuomba mtoto, au afya, au kazi. Siku moja mwenzetu wa kidato cha pili alimwuliza mwalimu kwa nini mzimu ukae kule kando ya mto na usikae mjini karibu na watu. Mwalimu akajibu kwamba swali hilo haliulizwi kwenye mtihani. Jibu lake nilikuja kulisikia baada ya miaka zaidi ya ishirini, mbali na pwani, nilipopelekwa milimani kwa kazi ya Serikali.

Ili tufahamiane, hatuna budi kwanza tuitazame mito. Ukisimama mahali palipoinuka hapa Tanga asubuhi ya anga safi, ukageukia magharibi, utaona milima ya Usambara imelala kama ng'ombe anayecheua. Karibu maji yote tuyajuayo hutoka huko. Mto Zigi hutoka katika misitu ya Amani, na tangu bwawa la Mabayani lilipojengwa mwaka 1978, maji yake ndiyo anayoyanywa mtu wa Tanga mjini. Mto Umba hutoka msitu wa Shagayu, ukazunguka kwa kaskazini na kuingia baharini karibu na Vanga, nchi ya Kenya. Luengera na Mkomazi huteremka kujiunga na Ruvu, mto ambao sisi wa pwani twauita Pangani. Wachimbaji wa dhahabu walipovamia vijito vya Amani katika miaka ya 2000, jambo lile lilikuwa letu sisi wa mjini kama lilivyokuwa la watu wa Amani, ingawa wengi wetu tulilisoma gazetini kana kwamba limetokea nchi ya mbali.

Washambaa wenyewe huigawa dunia sehemu mbili. Iko Shambaai, yaani mlimani, penye baridi, migomba na mvua. Na iko nyika, yaani tambarare, penye joto, homa na njaa ya mara kwa mara. Vijiji vingi vya zamani vilijengwa karibu na ukingo wa mlima ili mtu alime juu na alime chini, na huku kukiharibika kule kumponye. Mtu wa namna hiyo haangalii mvua kama sisi tunavyoiangalia, kwamba itaharibu mpira au itachelewesha basi. Kwake mvua ndiyo siasa yenyewe.

Ndipo tunapomfikia Mbegha. Habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, mtu wa pwani aliyeishi na Wakilindi na kuwajua. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilipigwa chapa na wamisionari wa Magila karibu na Muheza, na katika miaka ya 1960 J.W.T. Allen akakitoa upya. Nawasihi vijana wa kidato cha tano na sita wakitafute. Mara nyingi tunaambiwa kwamba historia ya bara iliandikwa na wageni kwa lugha za wageni. Hii yetu iliandikwa kwa Kiswahili, hapa hapa, kabla babu zenu hawajazaliwa.

Mbegha, basi, alikuwa mwindaji kutoka Ngulu. Alizaliwa kigego, maana yake aliota meno ya juu kwanza, na jamaa zake wakamwogopa kuwa ataleta vifo, hata akalazimika kuondoka kwao. Akatangatanga na mbwa wake mpaka Usambara. Huko nguruwe mwitu walikuwa wakimaliza mashamba. Yeye akawaua, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Akaamua mashauri yao. Usiku mmoja akiwa njiani kwenda Vugha akaua simba, na tangu hapo mfalme wa Vugha akaitwa Simba Mwene. Wanahistoria wanaiweka habari hiyo katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Mimi sigombani na mtu juu ya simba, kama aliuawa au hakuuawa. Ninachokiona katika hadithi hiyo ni mapatano: mgeni anapewa nchi kwa sababu amewaondolea watu madhara, na kwa maneno mengine, akianza kuwaletea madhara, mapatano yamevunjika.

Washambaa wana maneno mawili juu ya jambo hilo, na Mmarekani Steven Feierman, aliyekaa nao miaka mingi na kutoa kitabu juu ya ufalme wao mwaka 1974, aliyafanyia kazi kubwa. Kuzifya shi ni kuiponya nchi, kuitengeneza. Kubana shi ni kuiharibu. Mfalme alisemwa kuwa na uwezo wa yote mawili, kwa sababu mvua ilikuwa mkononi mwake. Watu walipompelekea kodi walijua wanailipia mvua. Tena walisema kwamba nchi yenye wakubwa wawili wanaoshindana, nguvu kwa nguvu, haipati mvua, hupata njaa. Mtu anayesoma hayo darasani anaweza kuyaita ushirikina akafunga daftari. Lakini tazama njaa hutokeaje: wakubwa wakipigana, watu hukimbia mashamba, ghala huchomwa, na mwaka ambao mvua ni haba, yule ambaye angegawa chakula hayupo. Mshambaa alikuwa akisema kweli kwa lugha yake.

Mfalme aliyefahamika kupita wote ni Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862 akiwa mzee sana. Wakati wake amri ya Vugha ilisikika mpaka pwani, Tanga na Pangani, mahali ambapo Sultani wa Unguja naye alikuwa na amri yake, na madiwani wetu wa pwani walikuwa wakitazama huku na huku. Wageni wa Kizungu walianza kupanda kwake. Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Februari 1857 wakaja Burton na Speke, kabla hawajaanza safari yao kubwa ya kwenda Tanganyika.

Njia waliyoshika hao wawili ingali ikifuatika kwa ramani: kutoka Pangani mjini kwa mashua, kufika Chogwe palipokuwa na kituo cha askari Wabaluchi wa Sultani, kisha kilima cha Tongwe, kisha kulivuka bonde la Luengera, na ndipo kuukwea mlima. Walinyeshewa mno. Burton alikadiria Vugha kuwa na nyumba 500 hivi na watu 3,000, nyumba za msonge zote. Lakini mgeni hakuingizwa ndani ya mji. Alipewa kibanda nje. Jambo hilo lilimuudhi Burton, ambaye miaka michache nyuma alikuwa amejibadili sura akaingia Makka, na sasa alizuiliwa mlangoni na watu wa mlimani. Walipopelekwa mbele ya Kimweri walimkuta mzee aliyekonda, amelala kitandani, moto ukiwaka. Wala hakuwauliza habari za mito wala za milima yenye theluji. Aliomba dawa. Alikuwa amesikia kwamba mgeni ni mganga, akataka arudishiwe nguvu na ujana.

Nimelifikiri tukio hilo mara nyingi. Aliyetazamiwa na nchi nzima kuwa ndiye mponyaji, naye ametafuta wa kumponya. Burton analisimulia kama kichekesho kidogo. Mshambaa angelisikia vingine: mwili wa mfalme ukidhoofu, mvua i mashakani.

Na kweli, Kimweri alipofariki nchi ilipasuka. Kiti alipewa mjukuu wake Shekulwavu, lakini Semboja, mmojawapo wa wana wa Kimweri, hakukubali. Semboja hakukaa mlimani. Alikaa Mazinde, chini, kwenye njia ya misafara, mahali penye bunduki na baruti na pembe. Akamfukuza mpwa wake Vugha na kumweka mwanawe mwenyewe, Kimweri Maguvu, naye Semboja akabaki Mazinde na nguvu zote. Wabondei nao wakapata nafasi, wakawafukuza Wakilindi katika vita viitwavyo Kiva. Vita vikaendelea miaka na miaka, na mateka wakauzwa pwani. Hapo sipendi tujidanganye. Sisi watu wa pwani tulikuwa wanunuzi. Mvua ya mlimani tuliinywa, na watoto wa mlimani tuliwapakia majahazini.

Wajerumani walipokuja waliikuta nchi imechoka. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, aliyekuwa akitawala Vugha. Reli iliyoanza Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na tangu hapo njia ya zamani ya Chogwe na Tongwe ikafa. Mtu wa Usambara akawa anateremka Mombo kupanda gari moshi. Mji wa serikali ukawa Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo. Huko Amani wakaanzisha mwaka 1902 chuo cha utafiti wa mimea na kilimo. Walijua kuhesabu kila jani la msitu ule.

Hayo nayapita mbio kwa kuwa yamo vitabuni. Lisilosemwa sana shuleni ni habari ya matuta, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ilianzisha mpango wa kuuponya udongo wa Usambara, ikaanzia bonde la Mlalo. Mabwana shamba waliona, na waliona sawasawa, kwamba watu wameongezeka, miteremko inalimwa bila kupumzishwa, na mvua inauchukua udongo. Dawa yao ilikuwa amri. Kila mwenye shamba achimbe matuta ya kuzuia maji. Miteremko mikali mno isilimwe. Asiyetii ashitakiwe barazani kwa chifu. Kazi yenyewe iliwaangukia zaidi wanawake, kwa maana wao ndio walioshika jembe la chakula. Uvumi ukaenea kwamba ardhi inatengenezwa ili Wazungu wapewe. Machifu wa Kikilindi, waliokuwa wakilipwa mshahara na serikali, ndio waliotakiwa kuwatoza watu wao faini.

Hebu tulitazame kwa jicho la Mshambaa. Aliyeahidi kuiponya nchi amekuja na karani na daftari la faini. Ametaka jasho wala hakuleta mvua. Watu wakaanza kusema waziwazi kwamba hawa wanaiharibu nchi. Mwaka 1957 mpango ukaachwa. TANU, iliyozaliwa mwaka 1954, iliwakuta watu wa Usambara wamekwisha kasirika, kazi yake ikawa kuwaandikisha tu. Na mwaka 1963 machifu walipoondolewa kisheria katika Tanganyika nzima, sijasikia kwamba Usambara kulikuwa na kilio kikubwa.

Wataalamu wale hawakukosea juu ya udongo. Mwenye kutaka ushahidi aende msimu wa masika aitazame rangi ya maji ya Soni yanapoanguka pale kando ya barabara. Walichokosa ni haki ya kuamuru, na haki hiyo haipimwi kwa kipimo cha mteremko.

Sasa nije kwenye kazi yangu. Mimi ni mtumishi katika mambo ya ardhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Ni sheria njema, na pale tambarare inatekelezeka. Lakini mliozaliwa Lushoto na Bumbuli mnayajua mabonde yetu. Bonde zima, ukingo kwa ukingo, pengine halifiki mita 100, na ndani yake ndimo zimo kabichi, karoti, nyanya na pilipili hoho zinazopelekwa Tanga na Dar es Salaam. Ukipima mita 60 huku na mita 60 huku, umelimaliza bonde na umepanda mlimani kwenye nyumba za watu. "Mita sitini" limekuwa jina la kutishia watoto.

Miaka michache iliyopita nilitumwa na wenzangu wawili katika kijiji kimoja juu ya Soni, upande wa Vugha. Sikitaji jina kwa sababu shauri lake halijamalizika. Gari lilituacha kwenye kilabu cha mbao, tukaendelea kwa pikipiki, kisha kwa miguu kwa saa moja na nusu, kamba ya kupimia begani. (Vijana, ramani haionyeshi utelezi.) Tulipofika tulilakiwa vizuri, tukapewa ndizi na maharage, kisha tukaketishwa mbele ya mzee mwenye miaka 80 na ushei, ambaye macho yake yamefifia lakini sauti inayo nguvu ya muadhini, kazi aliyoifanya miaka mingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bwana Ardhi, ee? Mama yangu alimjua Bwana Matuta. Nilikuwa nambebea maji akichimba. Wewe umeleta nini?"

Nikamweleza kazi yetu. Akacheka kidogo, akamwita mjukuu amshike mkono, akatuambia tumfuate. Tukateremka mpaka mahali ambapo vijito viwili vinakutana. Shamba za mboga zilifika huku na huku, kisha zikakoma ghafla, kana kwamba pana ukuta. Hapakuwa na ukuta. Palikuwa na masale, ile mimea ipandwayo mipakani, na nyuma yake kichaka cha miti mikubwa, mikuyu na mingine nisiyoijua, kivuli chake kizito, na chini maji yakichuruzika kutoka kwenye mwamba. Eneo lote labda ekari moja. Hatukuingia. Mzee alisimama nje ya masale akatuonyesha kwa fimbo.

Akasema kwamba hapo ukoo wake ulikuwa ukitambika mvua ilipochelewa. Mfalme alikuwa Vugha, alisema, lakini mto unapita hapa. Mfalme hukosana na watu, hufa, hunyongwa, na mto hauwezi kumngoja mfalme mwingine. Ndiyo maana kila ukoo ulikuwa na mahali pake penye maji, na mwenye kulinda mahali hapo alijulikana kwa jina na kwa baba yake. Aliyekata mti humo alitozwa mbuzi, na mbuzi huyo aliliwa na wote, na aliyekata akila nao. Nikamwuliza kama bado wanatambika. Akajibu kwamba yeye ni Mwislamu na jirani zake ni Walutheri, na tambiko la mwisho analolikumbuka lilikuwa kabla ya Uhuru. "Basi kwa nini hamkati?" Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini hali udongo. "Maji yatoka wapi, mwanangu?"

Nikafahamu ndipo lile swali la mwenzetu wa kidato cha pili. Mzimu ulikaa kando ya mto kwa kuwa hapo ndipo palipohitaji mlinzi, na mlinzi asiyelala ni yule asiyeonekana. Wale wanaodhani kwamba mtu wa zamani aliuogopa msitu bila sababu waende wakahesabu ni vijito vingapi vya kijiji hicho vinatiririka mwezi Januari. Mimi nilihesabu na mtendaji wa kijiji. Vilivyokuwa na kichaka cha namna hiyo kwenye chemchemi vilikuwa na maji. Viwili ambavyo vichaka vyake vilifyekwa wakati wa kufungua mashamba mapya vilikuwa mawe makavu. Sisemi kwamba huo ni utafiti wa chuo kikuu. Nasema niliyoyaona.

Wala nisiwapambie. Katika kijiji hicho hicho wapo watu waliosema kwamba habari za mahali pa ukoo ni njia ya ukoo mmoja kujiwekea ardhi nzuri na maji ya juu. Mama mmoja mjane alisimama akaeleza kwamba mume wake, kwa kuwa alikuwa wa kuja, hakupewa hata mfereji mmoja kutoka kijito hicho. Hakunyamazishwa, na aliyosema hayakukanushwa na mtu. Kuiponya nchi na kuiharibu, kama wazee walivyosema, ni kazi ya mkono mmoja.

Shauri lenyewe ni hili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji mamlaka juu ya ardhi yake, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakubali kijiji kiwe na msitu wake wa hifadhi. Tulipendekeza vichaka hivyo viandikishwe, vyote saba, na kijiji kitunge sheria ndogo ya kuvilinda, mipaka ikiwa ile ile ya masale, na juu ya mashamba ya bondeni wakubaliane wenyewe umbali unaowezekana kisha waombe kibali ngazi za juu. Mkutano mkuu wa kijiji ulikaa chini ya mti kuanzia adhuhuri. Juu ya mipaka walikubaliana kwa saa moja. Juu ya jina walibishana mpaka magharibi.

Kwa maana fomu ina mahali pa kuandika aina ya matumizi. Kijana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alitaka paandikwe "chanzo cha maji". Mchungaji aliunga mkono. Alisema hawezi kutia sahihi karatasi ya Serikali yenye neno mzimu. Imamu naye hakulipenda neno hilo. Ndipo yule mzee akaomba aketishwe karibu ili asikike. Akasema: mkiandika chanzo cha maji, huyu Bwana Ardhi akihamishwa atakuja mwingine na kamba, atasoma chanzo cha maji, atapima sitini, atafyeka kabichi zenu. Mkiandika jina lake, atauliza, jina hili ni la nini? Na akiuliza, mtapata nafasi ya kumwambia.

Walutheri wawili wakapiga makofi. Mchungaji akaomba muda wa kufikiri, akapewa. Yule mjane akauliza kama sheria ndogo itasema nani atakuwa mlinzi, na kama mlinzi aweza kuwa mtu wa kuja, au mwanamke. Swali hilo liliandikwa katika muhtasari, halikujibiwa siku hiyo.

Karani wa mkutano, kijana aliyemaliza kidato cha nne na mwenye mwandiko mzuri kupita wa kwangu, alipata njia ya muda. Katika mstari wa matumizi aliandika "chanzo cha maji", na katika mstari wa mahali, ambao huwa tunaujaza kwa namba za ramani, akaandika majina saba ya Kishambaa, moja chini ya jingine, na mbele ya kila jina, jina la mtu wa mwisho aliyelilinda. Nafasi haikutosha, akaendelea nyuma ya karatasi. Faili liko wilayani. Nimeomba nakala, na Mhariri akipenda, majina hayo, pamoja na namna yanavyotamkwa, nitayaleta kwa toleo lijalo pindi kijiji kitakaporidhia.